Namba Saba Iko Mkono Gani

Chilangala, Newala
13 Machi 1994

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa kondakta wa basi. Haikuloa wala haikufunguliwa, maana kondakta yule anajua mimi ni nani. Sisi huku wazima wa kusimama. Mvua inanyesha, mihogo iko vizuri, mikorosho inapumzika. Wewe je, homa za Masasi hazijakuona? Wali wa chuo chenu cha afya una mawe au hauna?

Nilikwenda kumsomea mama yako mlangoni kwake, alikuwa anachambua kunde. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita, kwamba mnatakiwa kuijua yote kwa majina, na kwamba ulilia, alicheka mpaka kunde zikamwagika. Akasema, "Mwambie mimi inayoniuma ni miwili tu, hiyo mingine hatujawahi kukutana." Halafu akataka nisome tena tangu mwanzo. Barua zako kila moja naisoma mara mbili, koo linanikauka, hanipi hata maji.

Sasa sikiliza, mwanangu. Usilie kwa ajili ya mifupa. Mjomba wako aliacha shule darasa la tano, si kwa ujinga, mwalimu mwenyewe alikiri kwamba alichokuwa nacho nimeshakimaliza. Lakini mwili naujua. Mwaka 1968, kule njia ya Chiungutwa, simba alinifungulia kinywa, nami nikauingiza mkono huu unaoandika, ukapita koo, ukapita sijui nini, nikaushika moyo wake. Ulidunda kiganjani. Nikahesabu. Ulidunda mara mia mbili na sita, ndipo ukanyamaza. Namba hiyo hiyo ya mifupa yako, kwa hiyo ujue haitishi.

Tena mimi ni mchongaji. Nimechonga matumbo, migongo, magoti na vidole vya miguu tangu ujana. Anayeuchonga mwili hafundishwi mwili. Mwambie mwalimu wako hivyo, kwa adabu.

Tumbo la mama yako lilimshika tena Jumanne, likamwachia Jumatano. Amesema usiambiwe. Basi hujaambiwa. Nami nimemwambia, siku nikisema hospitali, ni hospitali. Kwetu neno la mjomba ndilo la mwisho, na mjomba yupo.

Mimi mjomba wako,
Alfredi


Masasi
10 Aprili 1994

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe mama, na umwambie mimi mzima, wali una mawe, lakini meno nayajua yote thelathini na mawili kwa majina yake kwa hiyo tunaheshimiana.

Mifupa nimeimaliza. Sasa tuko ndani. Mwalimu wetu, Bi Perpetua, mtu wa Moshi, ametuletea mwanasesere wa plastiki mkubwa kama mtu. Unamfungua kifua kama kabati, unatoa mapafu, unatoa ini, unatoa figo mbili, halafu unarudisha kila kitu mahali pake. Ukikosea, kifua hakifungi. Mimi jana kilikataa kwa sababu ya kongosho.

Kuhusu simba wako, Mjomba, Bi Perpetua anasema moyo hauko kushoto kama tunavyosema sisi. Uko katikati, kati ya mapafu, umeinama kidogo tu kushoto. Na moyo wa kila mtu ni kiasi cha ngumi yake mwenyewe. Mwambie mama akunje ngumi aitazame. Aikunje na kuifungua pole pole. Ndivyo unavyofanya kazi, mchana kutwa na akiwa amelala.

Koo pia tumesoma. Lina njia mbili, moja ya hewa na moja ya chakula, na juu ya njia ya hewa kuna kifuniko kinaitwa kidakatonge. Ukimeza kinafunika, ukipumua kinafunguka. Mtu anayeongea huku anakula anakichanganya. Sijamtaja mtu.

Mama amesema nisiambiwe habari ya tumbo lake, nami nimeshaambiwa. Linaanzia wapi? Anatapika? Niandikie, Mjomba, bila simba.

Mpwa wako,
Winfrida


Chilangala
8 Mei 1994

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Nakuombea afya, na nakushukuru kwa afya uliyotuletea huku, maana Chilangala nzima inatembea imekunja ngumi.

Nilisoma barua yako sokoni. Mzee Nikolao akasimama kupinga, akasema haiwezekani, ngumi ya mke wake ni kubwa kuliko yake. Tukamwita mke wake. Tukapima. Kweli ni kubwa. Mzee akakaa chini, na tangu siku ile wananiita Daktari. Nimekataa mara mbili. Mara ya tatu nimeona nikikataa nitaonekana nina maringo.

Ashraf, yule mwenye duka Tandahimba, tangu biashara zifunguliwe anauza kila kitu, mitumba, betri, sabuni, salfa ya mikorosho na vidonge vya kichwa, rafu moja. Naye amenipokea kama daktari mwenzake.

Lakini watu wanauliza maswali. Ini liko wapi, bandama iko wapi, na mimi nilichonacho ni maneno tu. Nichoree. Nichoree mtu mzima na vitu vyake vya ndani, uweke namba. Mimi ni mtu wa kutazama. Nikikitazama kitu mara moja, mkono unakikumbuka miaka.

Mama yako nimemwuliza. Anasema linauma "hapa." Hapo ni wapi? Amelala ndani, mimi nimesimama mlangoni nimegeuza uso. Unajua mila yetu, kaka hatazami tumbo la dada yake. Kutapika, hapana. Ngumi yake ameitazama. Akasema, "Kidogo hivi ndicho kilichokuzaa na kuwazika wengine watatu?" Kila asubuhi akishuka bondeni kuteka maji namwona njiani anaikunja na kuifungua.

Mjomba wako (Daktari, si kwa kupenda kwangu),
Alfredi


Masasi
29 Mei 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, mama hasa.

Mchoro ndio huu. Nimetumia kalamu nyekundu na ya bluu, siku mbili. Nimechora mtu amesimama, anatutazama, viganja mbele, kama Bi Perpetua anavyotaka. Moja ni moyo, mbili mapafu, tatu ini, nne tumbo lenyewe linalopokea chakula, tano bandama, sita utumbo mwembamba uliojikunja. Nane ni kibofu.

Sasa hizi mbili zisome mara tatu. Namba saba ni kidole tumbo. Ni kitu kidogo kama mnyoo, kimening'inia mwanzo wa utumbo mpana, hakina kazi mtu anayoiona. Lakini kikivimba kinaua. Maumivu yanaanza kitovuni, halafu yanateremka na kutulia penye namba saba, mtu anatapika, homa inapanda. Hapo Mjomba usisubiri hata chai. Usimkande, usimpe dawa ya kuharisha wala ya mizizi. Siku hiyo hiyo hospitali ya Newala, wampasue wakitoe.

Namba tisa ni utumbo mpana unapoteremka, upande wa pili. Hapo choo kigumu hukaa na gesi hujaa. Mara nyingi maumivu ya pale ni ya kufunga choo tu, papai na maji ya kutosha yanamaliza.

Muulize mama vizuri. Nakutegemea wewe, kwa sababu yeye bila neno lako hatoki.

Mpwa wako,
Winfrida


Chilangala
4 Julai 1994

Mpwa wangu Winfrida,

Marahaba, hujambo? Sisi hatujambo, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini nasema hatujambo kwa nguvu.

Karatasi yako naishi nayo mfuko wa shati. Imeshatibu watu. Mtoto wa jirani alivimba namba tano, nikawaambia bandama, homa za siku nyingi, mpelekeni zahanati, na zahanati wakasema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Sasa Jumamosi asubuhi mama yako alipanda kutoka bondeni na ndoo yake, akaitua, akakaa chini. Akasema tumbo linamzunguka kitovuni. Mimi nilikuwa shambani napuliza salfa. Mchana likateremka upande mmoja, akatapika, wakaniita. Nikafika nimejaa unga wa manjano tangu kichwani, mtu asingejua kama ni mimi au ni mdudu. Yeye ndani, mimi mlangoni. Nikatoa karatasi, nikaiweka mbele ya macho yangu, nikajipapasa mwenyewe kama unavyopima kazi kabla hujaikata. Saba huku, tisa huku. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, linauma mkono gani?"

Akasema, "Mkono wa kulia, kaka."

Nikatazama kulia kwa karatasi. Tisa. Nilishusha pumzi mpaka salfa ikaruka ukutani. Pili, jirani yake, alikuwa ameshaanza kutafuta gari. Nikamwuliza mbele ya watu, mwenye karatasi hapa ni nani? Akarudi akaketi. Tukamletea papai, maji, na vidonge vya maumivu vya dukani kwa Ashraf. Jumapili ilikuwa nzito, sikufichi, alijikunja siku nzima. Lakini leo asubuhi maumivu yamekatika ghafla, kama kamba iliyokatwa. Amelala ametulia, hataki chakula, anataka kulala tu. Watu wanakuja kunipa mkono.

Nimeona nikuandikie leo leo ufurahi. Elimu yako imemponya mama yako.

Mjomba wako,
Alfredi


Masasi
6 Julai 1994

Mjomba,

Mpeleke Newala sasa hivi. Usimalize kusoma, mpeleke kwanza.

Mtu niliyemchora anatutazama. Mkono wake wa kulia uko kushoto kwa karatasi. Mkono wa kulia wa mama ndio namba saba. Maumivu yakikatika ghafla si kupona, ni kidole tumbo kimepasuka.

Basi linaondoka, nampa kondakta. Naomba ruhusa, nakuja kesho kwa gari la kwanza.

Winfrida


Chilangala
21 Agosti 1994

Mpwa wangu Winfrida,

Sijui nianzeje, maana barua inaanza kwa kuitikia na wewe hujaniamkia. Makaburini ulipita kwa wazee wote, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, ulipofika kwangu ukaruka kama mtu anavyoruka shimo. Sikulalamika. Nilisogea ili njia iwe pana.

Afya yangu sina la kusema. Mikorosho imetoa maua. Salfa mwaka huu sikumaliza.

Nisingekuandikia, lakini Anastasia, mwenzako wa bweni, amemwandikia mama yake, na mama yake amekuja kwangu. Anasema huingii darasani. Anasema unakaa nje chini ya dirisha na daftari limefungwa, na ukiulizwa unasema ulimwua mama kwa sababu hukuandika kulia na kushoto. Kwamba mwalimu aliwaambia siku ya kwanza kabisa, kushoto kwa picha ni kulia kwa mgonjwa, ukaona jambo dogo, linalojulikana na kila mtu.

Winfrida, lilikuwa linajulikana. Mimi nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa. Ndilo ninalotaka kukwambia, na kwa kukwambia navunja kiapo nilichokula jandoni, cha mambo ambayo mwanamume haambii mwanamke. Wazee wakisikia watanitenga. Na wanitenge.

Unakumbuka midimu, wale wachezaji wa ngoma wenye nyuso za mti wanaotoka wari wanapotolewa ndani, na mmoja amevaa kifua cha mwanamke, matiti, kitovu, chale za tumboni? Ninyi wanawake mnaambiwa ni mizimu. Yule wa kifua alikuwa mimi. Miaka ishirini na sita nimekivaa kifua kile. Nilikichonga mwenyewe. Mama yako alikuwa akikimbia akipiga kelele kama wengine, na jioni ananiuliza kama magoti yananiuma.

Baada ya matanga nilikwenda kukitoa kule kinakofichwa, nikikusudia kumpa mwingine, kucheza nimeacha. Karatasi yako ilikuwa mfukoni bado. Nilipoinama ilianguka juu ya tumbo la mti, kichwa upande wa shingo, macho juu, ikatulia kama imepimiwa. Nikatazama. Namba saba ilikuwa upande wa kulia wa lile tumbo.

Nikakivaa, pale pale, peke yangu mchana, karatasi nimeibana kwa kidole. Kifua kile kinatazama watu. Mkono wake wa kulia ni mkono wangu wa kulia. Nimejua hivyo tangu ujana, ngozi yangu inajua, siwezi kufunga kamba za kifua kile nikakosea. Nilikwambia mwenyewe, anayeuchonga mwili hafundishwi mwili. Halafu siku moja tu niliyotakiwa kujua, nikashika karatasi kama anavyoshika msomi, mbali na tumbo, mbele ya macho, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na nilitaka wanione nasoma.

Ningeingia ndani na kuilaza karatasi juu ya tumbo lake ingeniambia. Pili angeweza kuingia akailaza. Sikumpa. Niliona karatasi ni yangu.

Kwa hiyo usijitwike. Mwandishi alikuwa binti wa miaka ishirini aliyeandika kila kitu isipokuwa neno moja. Msomaji alikuwa mtu mzima aliyelivaa neno hilo kifuani miaka ishirini na sita.

Barua yako ya tarehe sita ilifika alasiri. Nilisoma mstari wa kwanza nikakimbia. Pikapu ya Ashraf ilikuwa imeleta salfa, tukamlaza juu ya magunia. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, nililiona, nililishika, mila niliiacha barabarani, wakati kuiacha hakuna faida tena. Njiani hakulaumu. Alisema tu, "Hiyo karatasi ya mtoto usije ukaitupa." Newala walimpokea mbio, daktari akatazama akaniuliza siku ngapi. Nikasema nne. Hakuniuliza tena. Asubuhi wewe ulikuwa bado uko njiani. Nilikaa naye. Hakuwa anasema, lakini mkono wake alikuwa anaukunja na kuufungua pole pole, kama ulivyomfundisha. Nikawa nahesabu, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Sikufika hata arobaini. Mkono ulifunguka, nikangoja ujikunje.

Simba sikumuua. Nilimsikia kwa mbali nikapanda mti, nikakaa mpaka jua likawa juu. Na shule niliacha darasa la tatu, kwa sababu sikuweza kujifunza.

Rudi darasani. Si kwa ajili yangu. Kuna mwingine Chilangala, au Tandahimba, au kwenu huko Masasi, linamzunguka kitovuni sasa hivi, na kaka yake ana neno la mwisho.

Sikuombi unisamehe. Najua shikamoo haiombwi. Mimi nitaitikia tu, iwe tayari, siku ukipita ikutangulie.

Marahaba.

Mjomba wako,
Alfredi


Masasi
30 Oktoba 1994

Nimeingia darasani tangu mwezi uliopita. Bi Perpetua alinipa chaki nimchoree mtu ubaoni. Kabla sijaweka namba yoyote niliandika pembeni, huku KULIA KWA MGONJWA, huku KUSHOTO KWA MGONJWA, kwa herufi kubwa, nikasimama hapo mpaka akaniambia nikae. Karatasi uliyonayo iandike hivyo hivyo. Andika wewe mwenyewe, kwa mkono wako, halafu mpe Pili.

Yale ya jandoni sijasoma. Macho yaliruka.

Salamu nimejaribu kuiandika mara tatu. Koo lina njia mbili tu, ya hewa na ya chakula, na zote mbili zangu ni wazi, napumua, nakula. Sijui hii imekwama wapi. Krismasi nitakuja kusafisha kaburi. Uwepo.

Mpwa wako,
Winfrida